Mhojiwa wa Tano

Chuo kilipowataka wanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho wachague mada za utafiti, wenzake Nasteha walihangaika karibu muhula mzima wakiandika na kufuta. Yeye aliandika yake mara moja na kuipeleka. Alitaka kuchunguza kwa nini familia za madereva wa malori waliopotea katika barabara ya Juba haziendi mahakamani kuomba watu wao wahesabiwe kuwa wamekufa, ilhali sheria inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba ahesabiwe hivyo.

Msimamizi aliyepewa alikuwa Daktari Nelima, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyevaa sweta ofisini hata mwezi wa Januari kwa sababu dirisha lake halikufungika vizuri. Aliisoma ile karatasi, akairudia tena, kisha akavua miwani.

"Mada nzuri. Umeitoa wapi?"

"Kuna pengo kwenye utafiti uliopo, Daktari."

"Hivyo ndivyo kila mwanafunzi huniambia. Mimi nauliza wewe umeitoa wapi."

"Niliona tu. Mji huu uko na malori mengi."

Alichosema hakikuwa uongo. Kilichobaki bila kusemwa ni kwamba lori mojawapo lilikuwa la baba yake. Abdirizak alipakia unga wa mahindi Eldoret, akapita Malaba, akapita Gulu, akavuka Nimule, na baada ya hapo hakuna aliyemsikia tena. Lori lilipatikana kando ya barabara, milango wazi, mzigo haupo, dereva hayupo. Nasteha wakati huo alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Mwalimu wa zamu alimtoa darasani akamweleza kwa upole, akamuuliza kama angependa kwenda nyumbani. Nasteha akasema atamaliza kwanza hesabu alizokuwa akifanya. Akarudi, akazimaliza, na akazipata zote.

Tangu siku hiyo watu walisubiri alie. Akina mama wa jirani walipokuja kuwapa pole walimtazama yeye zaidi ya walivyomtazama mama yake, wakasema msichana huyu ni jasiri. Nasteha alijua haukuwa ujasiri. Alijiona kama mkono uliolaliwa usiku kucha ukafa ganzi: unauona, ni wako, unaweza hata kuuinua kwa mkono wa pili, lakini hauna habari. Alizoea. Alisoma vizuri, akaingia chuo, akajifunza sheria, na alipofika kwenye kifungu kinachozungumzia mtu asiyesikika kwa miaka saba, alikipigia mstari kwa kalamu ya njano kama alivyofanya kwa vifungu vingine vyote.

"Sawa," Daktari Nelima alisema. "Lakini sikiza. Wewe si wakili wao, wewe ni mtafiti. Usiwaahidi kitu. Kila mmoja atasaini fomu ya ridhaa kabla hujawasha kinasa sauti. Jina lake halitaonekana mahali popote, na alichokuambia hutakipeleka kwa mtu mwingine kama habari yake. Na akitaka kujiondoa, hata kama umebakisha kupiga chapa tu, unamtoa. Humuulizi sababu."

"Nimeelewa."

"Na kama kuna lolote linalokuhusu wewe binafsi kwenye kazi hii, huu ndio wakati wa kuniambia."

"Hakuna, Daktari."

Alianzia Kiplombe, nje kidogo ya mji, kwa mama aliyeitwa Bridgit, ambaye mumewe Nyongesa alikuwa akiendesha lori la saruji. Bridgit alikuwa na shamba dogo la sukumawiki na kuku waliokuwa wakiingia na kutoka sebuleni wakati wa mahojiano. Alieleza mambo kwa utaratibu mzuri mpaka alipofika kwenye viatu. Nyongesa alikuwa ameacha viatu vya kanisani chini ya kitanda, na Bridgit alikuwa akivipiga rangi kila Jumamosi, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mpaka ngozi ikapasuka. Hapo akalia. Alilia vizuri, bila haraka, akipangusa uso kwa pindo la leso.

Nasteha aliandika pembeni mwa karatasi: mhojiwa analia. Akasubiri. Kuku mmoja akaruka juu ya kiti, naye akamfukuza kwa kiganja.

"Wewe msichana umenyamaza sana," Bridgit akasema alipotulia. "Hii kazi haikusumbui?"

"Naizoea, Mama."

"Usiizoee sana."

Wengine watatu walimpa majibu yaliyofanana. Baadhi hawakujua kwamba sheria ile ipo. Waliojua walidhani ni ya watu wenye mawakili. Mmoja alisema akienda mahakamani itakuwa kama amemuua mumewe kwa mkono wake. Nasteha aliyapanga yote katika jedwali na kuona kwamba utafiti unakwenda jinsi alivyotabiri katika sura ya kwanza: watu hawana habari, na mahakama iko mbali nao. Kazi ilikuwa safi na ilikuwa inakaribia kuisha.

Ijumaa moja alipita dukani kwa mama yake kumletea chakula. Rukia aliuza vitambaa, shuka na magauni ya kike katika mtaa wa maduka ya Wasomali, karibu na msikiti. Ilikuwa saa ya sala na mtaa ulikuwa umenyamaza. Rukia alikuwa amefunga ubao mmoja wa mlango na kukaa juu ya marobota, miguu ameinyoosha.

"Nasikia unawahoji wanawake wa Kiplombe," alisema kwa Kisomali.

"Ndiyo, hooyo," Nasteha akamjibu mama yake.

"Wanawake wa kila mahali. Mimi hujanihoji."

"Wewe ni mama yangu."

"Kwani mume wangu hakutoka na lori?"

Katika nyumba yao ya Kimumu jina la baba halikutajwa. Halikukatazwa, ila kila lilipokaribia, Rukia aliinuka akaenda kuangalia kitu jikoni. Kaka yake Nasteha, Zakaria, ndiye peke yake aliyelitaja kwa sauti, na alilitaja akiwa safarini.

"Una zile karatasi zako?" Rukia akauliza. "Zitoe. Na uniulize kwa Kiswahili, kama unavyowauliza wale."

Alikuwa nazo mkobani. Baadaye, alipojiuliza kwa nini hakukataa, hakuona sababu yoyote. Mtu alikuwa amejitolea kuhojiwa na fomu zilikuwepo. Alimsomea mama yake maelezo yote, sentensi kwa sentensi, jinsi alivyomsomea Bridgit, kwamba jina lake halitaandikwa, kwamba habari zake hazitapelekwa kwa mtu mwingine, kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote. Rukia alisikiliza akitikisa kichwa kwa adabu kama mgeni. Akasaini. Nasteha akaweka simu juu ya robota la shuka na kuwasha kinasa sauti.

"Tafadhali nieleze ulipataje habari kwamba mume wako amepotea."

"Hakupotea," Rukia akasema.

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni. Rukia alingoja kelele zipungue, ndipo akaendelea, kwa Kiswahili chake cha dukani, kile cha kupima na kukata kitambaa.

"Mwaka ule ule, miezi michache baadaye, mwanaume mmoja aliingia hapa. Jina lake Walubengo, mtu wa Webuye, dereva pia. Nilifikiri anataka shuka. Akasimama pale ulipo wewe, akavua kofia. Akasema walikuwa msafara mmoja na Abdirizak. Watu wenye bunduki walitokea, wao wakakimbilia msituni. Wakarudi kesho yake. Abdirizak alikuwa kando ya barabara. Walikuwa yeye na wenzake wawili, wakachimba kwa majembe ya kuazima, karibu na daraja. Akasema walijua yeye ni Mwislamu, kwa hivyo walitaka kumlaza akiangalia Makka, lakini hakuna mmoja wao aliyejua iko upande gani. Wakakubaliana wamwelekeze jua linapotoka. Akaniuliza, Mama, tulifanya vizuri?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia vizuri sana. Kutoka kule Makka ni kaskazini. Sikumwambia."

Nasteha aliangalia orodha yake ya maswali. Lililofuata lilikuwa juu ya polisi, kwa hiyo akauliza lile.

"Je, uliripoti habari hizo kwa polisi au kwa ofisi yoyote ya serikali?"

"La."

"Kwa jamaa?"

"La. Walubengo nilimwomba asiseme, na hakusema. Bwana yule sijamwona tena."

"Unaweza kueleza kwa nini?"

Rukia alivuta kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu akaanza kukikunja. Alikikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo kama mkate.

"Kwanza mama yake alikuwa mgonjwa. Nikasema bibi apone kwanza. Hakupona. Halafu binti yangu alikuwa na mitihani. Hizo ni sababu, lakini si sababu yenyewe. Kwetu sisi mwanamke akifiwa, ndugu wa mumewe anaweza kumchukua awe mke wake. Si lazima, dini haimlazimishi mtu. Lakini wazee wangekuja, wangekaa, chai ingepikwa, wangenieleza juu ya watoto. Ndugu yake Yusuf ni mtu mzuri. Kila Idi analeta mbuzi. Mimi sikumtaka. Na mke wa mtu aliyepotea hakuna anayemwuliza kitu. Anaachiwa duka lake, anaachiwa watoto wake. Anaonewa huruma na anaachwa."

"Unafahamu kwamba sheria inaruhusu kuomba mahakama..."

"Nafahamu. Kadhi pia ana utaratibu wake. Nafahamu yote. Najua kusoma." Akaweka kile kitambaa chini. "Eda nilikaa. Humu dukani. Niliacha hina, niliacha manukato, nilivaa nguo zisizo na rangi. Watu wakiuliza nikasema ngozi yangu inawasha. Hakuna aliyetambua."

Nasteha alimaliza maswali yaliyobaki. Alimshukuru mhojiwa kwa muda wake, kama maelezo ya utafiti yalivyomtaka. Alipozima simu, Rukia alikuwa bado anamtazama.

"Umesema hutampelekea mtu."

"Ndiyo."

"Hata Zakaria."

"Hata Zakaria."

Rukia akainuka akaufungua ule ubao wa mlango. Watu walikuwa wametoka msikitini na mwanamke mmoja alikuwa tayari kizingitini akiulizia mapazia.

Wiki iliyofuata Nasteha alikaa maktaba na kuchapa mahojiano yale neno kwa neno. Alirudisha sauti nyuma mara nyingi, hasa pale mkokoteni ulipopita, ili apate maneno sawasawa. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kuhusu polisi, alitambua kwamba haikutetemeka, haikukawia. Baba yake alikuwa amekufa, alikuwa amezikwa karibu na daraja, na yeye aliambiwa akiwa ameshika kalamu. Alitafuta ndani yake kitu cha kulingana na habari hiyo, kama mtu anavyopapasa swichi ya taa kwenye chumba asichokifahamu. Akapata tu kwamba mgongo unamuuma kwa kukaa. Akaandika juu ya ukurasa: Mhojiwa wa Tano.

Jioni hiyo Zakaria alimkuta akiosha vyombo. Zakaria alikuwa mrefu kama baba yao na alikuwa amechukua njia ile ile. Aliendesha lori la kampuni moja ya mjini, Eldoret kwenda Juba na kurudi. Kwenye dashibodi alibeba picha ya baba iliyofunikwa plastiki, na kila alipolala, Elegu, Nimule, popote, aliionyesha kwa watu.

"Abaayo, dada, niko na story," akasema, akifunga mlango wa jikoni. "Kuna msee pale Elegu anasema ameona mzee Msomali kwa jela ya Torit. Hana karatasi, hana mtu wa kumwulizia. Anasema anafanana na picha."

"Watu wengi wanafanana."

"Najua. Lakini nikishusha mzigo Juba nitaingia huko niangalie. Wiki ijayo."

"Barabara ya kwenda Torit ikoje?"

"Si nzuri. Wanasema kuna shida kidogo huko." Akacheka kidogo. "Usimwambie hooyo. Ataanza kuogopa bure."

Nasteha aliendelea kusugua sufuria. Maneno yalikuwepo, yamepangika, angeweza kuyasema kwa pumzi moja. Lakini alikuwa ameahidi, na ahadi ile ilikuwa imesainiwa na kuwekwa kwenye faili. Aliona wazi kwamba kaka yake anaweza kuuawa akimtafuta mtu asiyekuwepo. Aliona pia kwamba hilo haliyafanyi mapigo ya moyo wake kwenda mbio. Akamwambia Zakaria chakula kiko kwenye sufuria ya juu.

Siku mbili baadaye Daktari Nelima alimwita. Rasimu ya sura ya nne ilikuwa mezani, imejaa maandishi ya kalamu ya risasi.

"Keti. Unajua umefanya nini hapa?"

"La, Daktari."

"Sura yako ya nne imeikataa sura yako ya kwanza. Ulisema watu hawaendi mahakamani kwa sababu hawajui sheria. Huyu mhojiwa wa tano anaijua sheria kuliko wewe. Haendi mahakamani kwa sababu kule kutojulikana kwa mumewe alipo kunamlinda. Mimi nimesoma mambo haya miaka mingi na sijawahi kuona mtu akisema hivi wazi. Huyu mama ndiye utafiti wako. Ulimpata wapi?"

"Ni mama yangu," Nasteha akasema.

Daktari Nelima aliweka kalamu chini. Akaenda kusukuma dirisha ambalo halifungiki, akarudi.

"Kwa hivyo huyu wa karibu na daraja..."

"Ni baba yangu."

"Na ulikuwa unajua kabla ya kumhoji?"

"La. Nilijulia hapo."

"Ukaendelea na maswali."

"Yalikuwa yamebaki machache."

Daktari alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Nasteha alitamani angekuwa nayo, maana hasira angejua namna ya kuijibu.

"Nilikuuliza siku ya kwanza. Ulipaswa kuniambia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuona kama ni kitu, Daktari. Ilikuwa ni jambo lililokwisha."

"Nasteha, nasema kama msimamizi. Mahojiano haya hayawezi kukaa humu hivi yalivyo. Itabidi tuiandikie kamati ya maadili, na wataamua. Huenda ukachelewa kuhitimu. Hilo tutalishughulikia." Akaisukuma rasimu kando. "Sasa nasema kama mtu tu. Kuna mwingine nyumbani kwenu asiyejua?"

Ndipo Nasteha akamweleza juu ya Zakaria na Torit, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza mbinu za utafiti. Alipomaliza, Daktari Nelima alikuwa ameshika kingo za meza.

"Anaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Na umenyamaza."

"Nilimwahidi mhojiwa."

"Ahadi ni ya mhojiwa, si yako. Mwenye kuifungua ni yeye. Mrudie. Leo, si kesho. Usimrudie kama binti ukiona huwezi. Mrudie kama mtafiti, lakini enda."

Alimkuta Rukia nyumbani, jikoni, akimimina rojo la anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, kwenye kikaango kwa duara. Nasteha alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Alijaribu kuanza kwa Kisomali, maneno yakakataa kukaa sawa, akahamia Kiswahili.

"Zakaria anaenda Torit. Ameambiwa kuna mzee jela anayefanana na picha."

Rukia hakugeuka. Anjera ilitoa vitundu vidogo vidogo, ikaiva, ikaanza kukauka pembeni, na bado hakuigusa.

"Nani amekuambia?"

"Yeye. Alisema nisikuambie."

"Kila mtu anakuambia wewe," Rukia akasema.

"Hooyo, fomu uliyosaini inasema unaweza kujiondoa. Hata sasa."

"Nikijiondoa inakuwaje?"

"Nafuta sauti. Nafuta kurasa zote. Haitakuwa kwenye kazi yangu."

"Na wewe? Utafuta?"

"La. Mimi siwezi."

Rukia akazima jiko. Ile anjera ilikuwa imeungua upande mmoja. Aliing'oa kwa vidole, akaitupa, akasimama akiutazama mvuke unaobaki.

"Sikujua nitamwambia mtu kwa namna gani," akasema, sasa kwa Kisomali, polepole. "Kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko mwaka uliopita. Nilipoona karatasi zako nikaona hapo pana mlango. Ningemwambia mtu ambaye si mtu. Na mtu huyo angekuwa wewe." Akajifuta mikono. "Nitoe kwenye kitabu chako. Zakaria yuko wapi?"

Zakaria alikuwa gereji karibu na barabara kuu, akiangalia breki za lori na fundi. Walikwenda wote wawili kwa miguu. Rukia alimwomba fundi awapishe, kisha akamwambia mwanawe pale pale, kati ya matairi, wakiwa wamesimama. Nasteha alikaa mbali kidogo. Hakusikia yote. Aliona Zakaria akiinamisha kichwa ili asikie vizuri, kama mtu anayesikiliza injini, kisha akaona akirudi nyuma hatua moja.

"Walubengo huyo yuko hai?" Zakaria aliuliza.

"Sijui."

"Mimi nimeonyesha hiyo picha kwa watu wangapi? Nimelala kwa polisi huko kwa sababu ya hiyo picha. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Zakaria hakupaza sauti. Aliingia ndani ya lori, akafunga mlango na kukaa. Walimngoja mpaka ikawa dhahiri hatashuka wakiwa pale, ndipo wakarudi nyumbani. Njiani Rukia alitembea mbele, na Nasteha aliona kwamba mama yake anatembea kama mtu aliyeshusha mzigo lakini bado mabega hayajaamini.

Zakaria hakwenda Torit. Hakuzungumza na mama yake pia, majuma mengi. Sala ya gaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwepo, ilisaliwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Shehe alipoelezwa mambo yalivyokuwa, alimwambia Rukia kwamba eda yake ilikwisha zamani na hana cha kukaa tena. Rukia alikaa ndani siku kadhaa hata hivyo. Yusuf alikuja kutoka Lodwar, akanywa chai, akauliza habari za duka. Alipoinuka kuondoka alisimama kwenye veranda akivaa viatu na kusema, bila kumtazama, "Rukia, ungesema tu hutaki. Ningesikia." Rukia alimsindikiza mpaka langoni, na Yusuf akamwambia inatosha, arudi ndani.

Nasteha alifuta sauti. Alifuta kurasa zile, akaiandikia kamati ya maadili barua ya kueleza alichoficha, akapewa onyo na kuruhusiwa kuendelea na wahojiwa wanne. Sura ya kwanza na ya nne zikapatana tena. Ilikuwa kazi nzuri ya kawaida, isiyokosea, na yeye alijua kila mahali ilipokuwa nyembamba.

Siku ya kuitetea, akiwa kwenye benchi nje ya chumba cha jopo, Zakaria alimpigia simu akiwa njiani kutoka Juba. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu.

"Madaraja ni mengi huku," alisema. "Nimesimama kwa matatu. Barabara imepanuliwa, hakuna kitu cha kuonyesha. Nimesali kwa moja tu. Sijui kama ndiyo yenyewe."

"Ulielekea wapi?"

"Kaskazini. Hooyo alinitumia ujumbe akaniambia ni kaskazini. Nilimjibu. Nilisema sawa."

Nasteha aliitwa ndani. Walikuwa watatu mezani. Mmoja, mzee mwenye tai ya bluu, alimuuliza kama aliwahi kufikiria kwamba familia nyingine huenda hazitaki tu kutumia sheria hii, kwa sababu zao wenyewe. Nasteha akasema ni swali linalostahili kuchunguzwa, ila data alizonazo hazimruhusu kulijibu. Mzee akaandika kitu. Daktari Nelima, aliyekuwa mwisho wa meza, aliangalia mikono yake.

Alipita. Alipotoka, Daktari alimkuta kwenye ngazi na kumwambia waende ofisini kwake kidogo. Akamimina chai kutoka kwenye chupa, vikombe viwili vya plastiki, akampa kimoja.

"Unajisikiaje?"

Nasteha alishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto sana, na alikishikilia hivyo hivyo.

"Sijui, Daktari."

"Sawa."

Daktari Nelima alimweleza kwamba huko kwao mahindi yameanza kushambuliwa na viwavi na mama yake hataki kusikia habari ya dawa. Nasteha akauliza ni viwavi wa aina gani. Mvua ilianza kunyesha, matone machache yakaingia kwa lile dirisha na kulowesha ukingo wa meza, na Daktari akasogeza karatasi zake upande wa pili.